Kabati la Sahani za Wageni

9 Septemba

Daftari hili lililetwa liandikwe dawa zinazoingia na zinazotoka katika nyumba yetu ya wazee, hapa juu ya kijiji cha Bihambwe. Nimelikuta jeupe, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kuandika dawa, nitaandika mimi yanayonikera, na naogopa kurasa hazitatosha.

Mimi ni Kavugho, muuguzi, mzaliwa wa Butembo, miaka arobaini na saba. Leo ni siku yangu ya tatu hapa. Wazee ni kumi na tisa, wengi wao watu wa ng'ombe wasio na ng'ombe tena, walioachwa njiani siku jamaa zao walipokimbia.

Nimeuliza dawa zinakaa wapi. Papa Valentin, msimamizi wa nyumba, amenipeleka ofisini kwake. Kuna kabati la chuma, zuri, la kijivu, lina kufuli, na juu yake limebandikwa neno DAWA kwa herufi kubwa. Nikamshukuru Mungu moyoni. Papa Valentin akautoa ufunguo kwenye mkanda wake, akafungua. Ndani kulikuwa na sahani kumi na mbili nyeupe zenye maua ya bluu, kila moja imeviringwa gazeti.

"Na dawa, Papa?"

"Dawa ziko ku jikoni. Mama Benita njo anazichunga."

"Na hizi?"

"Hizi ni za wageni."

Akafunga. Ufunguo ukarudi mkandani, pamoja na ule wa pikipiki.

10 Septemba

Mvua tangu asubuhi.

12 Septemba

Nimeziona dawa. Laiti nisingeziona.

Jikoni, juu kabisa ya mafiga, kuna uchaga wa miti. Hapo kunaning'inia mahindi ya mbegu, na katikati ya mahindi kuna kopo kubwa la maziwa ya unga, jeusi kwa masizi. Dawa zote za wazee kumi na tisa zimo humo. Vidonge vya presha, vya sukari, vya maumivu, vya minyoo, vyote katika vikaratasi vilivyokunjwa bila jina wala tarehe. Nilipolishika, kopo lilinichoma vidole. Hata vijiti vya kupimia sukari vimo, vimepikwa pamoja na vingine.

Nimempigia kelele Mama Benita, mpishi. Nimemwambia dawa si mahindi, haikaushwi. Nimemwambia mengine pia ambayo siyaandiki. Alikuwa anasonga ugali, hakugeuka.

"Umemaliza, Mama?" akauliza.

Sikuwa nimemaliza, ila moshi ulinikaba.

15 Septemba

Nimemwomba Papa Valentin kabati. Amecheka kwa upole, jinsi mtu anavyomcheka mtoto anayeomba kuendesha gari.

"Mama Kavugho, sikiliza. Mugeni akikulia mu sahani ya plastiki yenye kupasuka, atarudia? Hii nyumba inaishi juu ya wageni. Muchele, blanketi, mabati, hata ile kabati yenyewe, byote ni wageni."

"Lakini walileta kabati la dawa."

"Na wakirudia, tutawapakulia mu sahani gani?"

Na mbaya zaidi, anaamini anayosema.

16 Septemba

Nimesafisha kopo. Nimeandika majina kwenye vikaratasi kumi na tisa. Sina pengine pa kuliweka, limerudi jikoni, ila sasa lipo kwenye kona, mbali na moto.

19 Septemba

Kona inavuja. Limerudi uchagani.

30 Septemba

Leo nimemfumania Mzee Sebahire. Ni mrefu, mkavu, fimbo haimtoki mkononi ingawa hana cha kuchunga. Ana sukari, anakunywa kidonge asubuhi na jioni. Nilikuwa nimempa kidonge chake, nikageuka kumpa mwingine, nikageuka tena. Alikuwa amekivunja katikati kwa kucha, nusu amempa Mama Mukundwa aliyekaa kando yake, na wote wawili wanateremshia maziwa kutoka kikombe kimoja.

Mama Mukundwa hana sukari. Ana magoti mabovu na ulimi mzuri, basi.

"Mzee, unafanya nini?"

Amenitazama kwa mshangao wa kweli. "Miye nikule peke yangu, mwenzangu anatazama? Sikulelewaka vile, Mama."

Kwao maziwa hayanywewi na mmoja mbele ya mwingine. Nimejaribu kumweleza kwamba kidonge si maziwa. Mama Mukundwa akadakia: "Achana naye, Mama muganga. Huyu akipata hata kikohozi atanigawia." Wazee wote wakacheka, nami nikacheka, na ni hilo linaloniuma ninapoandika, kwa sababu hapakuwa na la kuchekesha.

Mwishowe nimemwambia: "Hii ni dawa nzuri, Mzee. Ndiyo inayokuweka hai. Usiipoteze." Akaitikia kwa heshima. Tangu leo nitasimama mbele yake hadi ameze.

3 Oktoba

Amemeza. Ila anageuza uso ukutani kwanza, kwa aibu.

8 Oktoba

Mvua ya mawe. Bati moja la ofisi limeruka, na tumeshinda tukihamisha karatasi za Papa Valentin. Kabati la chuma halikuingiwa hata na tone. Sahani zimelala salama.

Jioni nimekaa jikoni na Mama Benita kukausha nguo. Nilitaka kuomba radhi, nikashindwa, nikaanza kumenya maharagwe yake. Yeye ndiye aliyeanza.

"Ulinisema vibaya siku ile."

"Nilikusema vibaya."

"Mwaka wa jana dawa zilikuwa mu biro ya Papa, mu kartoni. Mayi ikaingia, bidonge vyote vikakuwa uji. Zenye zilibakia, panya wakakula. Nikaenda kwa Papa, nikamuambia, fungua kabati. Akasema ataona. Nikangojea mwezi mzima. Njo nikaziweka kule mbegu zinakaaka. Panya hafikake kule, na mayi haifike. Sikusoma, Mama, ila mbegu zangu hazijaozaka."

Katika nyumba hii nzima ni mtu mmoja tu aliyefikiria mahali pa kulinda dawa za wazee, na ndiye niliyemtukana. Aliziweka mahali pabaya kwa sababu pazuri pana kufuli. Nimeona haya, na haya yangu yamegeuka hasira upesi, na hasira naijua njia yake: ofisini.

9 Oktoba

Nimekwenda ofisini. "Tutaona."

17 Oktoba

Nimekwenda ofisini. "Tutaona mvua ikishaisha."

24 Oktoba

Milio ya bunduki kwa mbali, upande wa Sake. Wazee hawakuinua hata vichwa. Vidonge vya presha vimebaki vya wiki mbili.

2 Novemba

Kesho nashuka mjini Sake kutafuta dawa. Siku tatu, kwenda na kurudi. Nimempangia Mama Benita vikaratasi vya kila mzee, na nimemwonyesha alama: msalaba asubuhi, duara jioni.

3 Novemba

Mwenye pikipiki amefika alfajiri, anapiga honi, anasema mvua iko njiani. Karatasi ya Sebahire nimeisahau mfukoni mwa aproni. Nimempa mwenyewe mkononi, vidonge sita vya siku tatu. Naandika haya nikiwa nimevaa koti.

7 Novemba

Lazima niandike yote na niandike kwa mpangilio.

Barabara ilikatika, mlima ulishuka na matope yakafunika njia. Badala ya siku tatu zimekuwa tano. Leo nimefika saa sita mchana, sehemu ya mwisho kwa miguu, begi la dawa kichwani. Mama Benita alikuwa ananingoja barabarani kwenye mvua. Akanishika mkono bila salamu.

"Mukundwa haamuke."

Walikuwa wamemfunika blanketi tatu. Papa Valentin alisema ni malaria, atoke jasho. Na kweli alikuwa anatoka jasho, lakini la baridi, shuka zimelowa, mwili unatetemeka, macho nusu wazi na hayaoni. Nimewaona wagonjwa wa namna hii, nikasema kipimo cha sukari, upesi. Mama Benita akaleta kopo. Nikatoa kijiti, kipimo kikaandika kosa. Cha pili, kosa. Cha tatu, kosa. Vyote vimeungua huko juu ya moto. Nilivitupa chini na kuvikanyaga.

Nilimpaka asali ndani ya mashavu huku nikitafuta mshipa. Mishipa ya wazee inakimbia sindano, lakini wa mkono wa kushoto ulinikubalia. Kutoka Sake nilipata chupa mbili tu za serumu ya sukari. Ya kwanza haijaisha, Mama Mukundwa akafumbua macho. Akanitambua.

"Mama muganga. Umerudi mukono mutupu, hata ndizi?"

Nililia na kucheka. Nikamuuliza amekula nini.

"Sikukula sana, meno inaniuma. Nilikunywa tu dawa ya magoti. Muzee alinigawia."

Mzee Sebahire alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Nikamuuliza amempa ngapi. Akanyoosha vidole vinne. Siku ya kwanza kimoja, siku ya pili kimoja, na siku ya tatu, kwa kuwa magoti yalizidi, akampa vyote viwili.

"Ulisema iko dawa nzuri," akaniambia. "Njo nilimupatia nzuri."

Ndivyo nilivyosema. Maneno yangu mwenyewe, naweza kurudi nyuma kurasa chache na kuyasoma.

Nimewaambia wote: vidonge hivi vinakaa mwilini, hasa kwa mtu mzee asiyekula, sukari itashuka tena. Anahitaji hospitali na serumu nyingi. Pikipiki haipiti. Vijana wa kijiji wamekubali kumbeba kwa tipoyi, machela ya miti, kesho mapema. Namnywesha maziwa yenye sukari kila nusu saa.

8 Novemba

Tumeondoka saa kumi na mbili. Wanaume wanne kwenye tipoyi, mimi kando na chupa ya pili, Mama Benita nyuma na termosi ya maziwa. Mvua ilikuwa nyembamba. Kwenye mteremko wa kwanza alikuwa anaongea, aliwachamba wabebaji kwamba wanambeba kama mzigo wa mihogo. Kwenye mto maji yalikuwa yamejaa, tulingoja saa nzima. Chupa ikaisha. Akaanza tena lile jasho. Nikampa asali, nikamwita jina, nikampiga mashavu.

Amekufa saa tatu na robo, upande wa huku wa mto.

9 Novemba

Tumemzika. Baadaye nimeingia ofisini kuandika katika rejista. Papa Valentin alikuwa ameshaandika. Jina, tarehe, na pale panapoulizwa sababu ya kifo: *uzee*.

"Papa, hakufa kwa uzee."

"Alikuwa na myaka ngapi?"

"Alikuwa na vidonge vinne vya mtu mwingine tumboni."

"Mama Kavugho." Sauti yake ilikuwa ya upole. "Ukiandika vile, ni weye njo watakufunga. Nani alimuachia muzee dawa mukononi? Miye ninakulinda."

Nimetoka nje kwa sababu nilikuwa naangalia kile chuma kizito anachogandamizia karatasi.

10 Novemba

Ni kweli. Niliacha karatasi ile mkononi mwa mzee ambaye nilimwona kwa macho yangu akigawa. Nilikuwa na haraka. Naiandika hapa wazi, ili nisije nikajidanganya baadaye.

Lakini aproni haikuwa mahali pa dawa, wala uchaga, wala kopo la maziwa. Kama kungekuwa na kabati, ningefungua, ningempa Mama Benita ufunguo, ningeondoka. Kulikuwa na kabati! Kosa langu silikatai. Nakataa tu kulibeba na la Papa Valentin juu yake.

14 Novemba

Mzee Sebahire hanywi dawa. Anaketi mahali pake, pa Mama Mukundwa wameacha wazi. Nimemwambia si yeye, ni mimi. Amesema: "Mukono ulikuwa wangu."

19 Novemba

Bado. Miguu yake imeanza kuvimba, anakojoa bila mwisho. Nimesimama mbele yake na kidonge hadi mkono umeniuma.

25 Novemba

Papa Valentin amenyoa ndevu na kuitisha kikao. Wageni wanakuja tarehe tatu, wale wale walioleta kabati. Wanataka kuona linavyotumika.

Agizo kwangu: siku hiyo dawa zote ziingie kabatini, zipangwe vizuri. Sahani zitoke, ndizo watakazolia. "Wakienda, kila kitu kinarudia pa nafasi yake." Alisema hivyo mbele yetu wote, bila haya yoyote.

3 Desemba

Asubuhi Papa Valentin amenipa ufunguo, kwa mara ya kwanza. Una uzito mdogo kuliko nilivyodhani. Nimetoa sahani, nimepanguza vumbi, nimepanga dawa: rafu ya juu presha, ya kati sukari, ya chini mengine, kila mzee na kiboksi chake na jina. Kazi yote imechukua saa moja. Miezi mitatu nimeomba saa moja.

Wageni walikuwa watatu, wakiongozwa na dada mmoja mwenye miwani, Aurélie, mwenye daftari kubwa kuliko langu. Wamepiga picha kabati. Wamempiga picha Papa Valentin kando ya kabati. Kisha wakakaa mezani: kuku, wali, jibini, na sahani zenye maua ya bluu. Mama Benita na mimi tulikuwa tunapakua.

Dada Aurélie ni mtu wa kusoma akila. Aliomba rejista. Kijiko mkono mmoja, akapitisha kidole.

"Huyu Mama wa tarehe nane. Pole sana. Uzee?"

"Uzee," Papa Valentin akasema.

"Hapana," nikasema.

Nilikuwa nimeshika bakuli la mchuzi, nikaliweka chini kwanza ili nisilimwage. Nikasema hivi, nakumbuka kila neno: "Amekufa kwa vidonge vya sukari vya mtu mwingine. Mimi ndiye niliyeviacha mikononi mwa mzee. Dawa zilikuwa jikoni juu ya moto, na vijiti vya kupimia vilikuwa vimeungua. Kabati lile limejaa dawa tangu saa mbili asubuhi ya leo. Kabla ya hapo lilikuwa limefungia hizo sahani mnazolia."

Kijana mmoja wa wageni akaiangalia sahani yake, akaisukuma kidogo, nyama ya kuku bado ipo.

Papa Valentin akasema nina huzuni, nilimpenda sana marehemu. Ndipo Mama Benita, ambaye kwa miezi mitatu sijamsikia akisema neno mbele ya mgeni, akaleta kopo. Akaliweka katikati ya meza, kwenye kitambaa cheupe, pamoja na masizi yake.

"Miye njo nilikuwa naziweka humu," akasema. "Sababu nilikosa pengine."

Dada Aurélie akaomba kalamu. Hakumpa Papa Valentin, alinipa mimi. Nimefuta neno *uzee* kwa mstari mmoja, linaonekana bado, na nimeandika juu yake ilivyokuwa, pamoja na jina langu.

Wameondoka bila kumaliza chakula. Wamesema wataandika ripoti. Sijui itaandikwa nini kunihusu, na sasa hivi usingizi hauji kwa kuiwaza.

Gari lilipopotea, Papa Valentin akanyoosha mkono.

"Ufunguo."

"Hapana, Papa."

"Mama Kavugho, sahani."

"Mama Benita ameshazichukua. Wazee wanakula."

Akaenda hadi mlangoni mwa ukumbi. Kuku wa wageni alikuwa amebaki mwingi. Wazee kumi na wanane, sahani kumi na mbili, sita wanangoja zamu na wanawaharakisha wenzao kwa matusi. Kisha akaenda ofisini na kufunga mlango. Pengine kesho atanifukuza.

4 Desemba

Hajanifukuza. Hasemi nami. Ni mapumziko.

11 Desemba

Mvua imeanza kupungua, asubuhi tumeuona mlima wa ng'ambo. Ufunguo unalala shingoni mwangu, wa akiba, niliokuta ndani ya kabati, anao Mama Benita.

Mzee Sebahire amedhoofika. Nimefikiri wiki nzima, na leo nimeelewa kitu ambacho nilipaswa kukielewa tarehe thelathini Septemba badala ya kucheka. Nimefungua kabati, nimetoa kidonge chake, nimefunga. Nimekwenda nikaketi kando yake, pale pa Mama Mukundwa. Nimemimina maziwa vikombe viwili.

Amenitazama. "Na weye iko mugonjwa?"

"Mimi nakunywa maziwa tu, Mzee. Dawa ni yako. Ila sitakuacha unywe peke yako."

Ameshika kidonge muda mrefu kwenye kiganja. Nimeinua kikombe changu, nikangoja. Hakugeuza uso ukutani. Akameza, nami nikanywa.

12 Desemba

Asubuhi na jioni. Vikombe viwili.